Shajara ya mradi: kuifuta "30" ya Novemba kwenye taarifa zetu za mikopo

Januari, wiki ya kwanza

Mradi huu una lengo moja, nalo ni kufutwa kwa namba "30" iliyoandikwa kwenye mwezi wa Novemba katika akaunti ya mkopo wetu wa nyumba. Namba hiyo inadai kwamba malipo ya mwezi huo yalichelewa kwa siku 30 au zaidi. Imeonekana kwenye taarifa zangu na za mke wangu katika kampuni zote tatu kubwa za taarifa za mikopo hapa Marekani, yaani Equifax, Experian na TransUnion, na tuliigundua tulipokuwa tukijiandaa kuomba mkopo mpya wa riba nafuu ili tuufunge huu wa sasa. Taarifa tulizichukua kwenye tovuti ya AnnualCreditReport.com, ambako kila mtu anaweza kupata zake bila malipo kila wiki.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuisoma taarifa ya namna hii, kila akaunti ina safu ya miezi, na kila mwezi una hali yake. Kuchelewa kwa siku tano au kumi hakuandikwi humo, hata kama mkopeshaji atatoza faini; ngazi ya kwanza inayoandikwa ni 30, kisha 60, kisha 90 na kuendelea. Sheria inaruhusu doa hilo likae kwenye taarifa kwa miaka 7. Historia ya malipo huchukua takribani asilimia 35 ya alama za FICO, zile ambazo wakopeshaji hupimia uaminifu wa mkopaji, uzito usiofikiwa na kipengele kingine chochote, na kwa mtu ambaye safu yake ilikuwa safi muda wote, "30" moja humshusha kuliko inavyomshusha yule ambaye tayari anazo kadhaa.

Tulichokibaini hadi sasa ni hiki. Usimamizi wa mkopo ulihamishwa tarehe 1 Novemba kutoka kampuni moja kwenda nyingine. Msimamizi ni kampuni inayopokea malipo na kutunza hesabu, na si lazima awe ndiye aliyekopesha. Agizo letu la kudumu benki lilipeleka malipo ya Novemba kwa msimamizi wa zamani, ambaye aliyapokea tarehe 4 Novemba, akakaa nayo, na kuyapeleka kwa msimamizi mpya katikati ya Desemba. Kwa kuwa vitabu vya msimamizi mpya havikuonyesha malipo yoyote ya Novemba hadi mwezi ulipokwisha, aliandika "30", na fedha tulizomlipa moja kwa moja tarehe 2 Desemba akazitumia kufunga Novemba. Fedha za zamani zilipofika zikafunga Desemba. Kwa hiyo leo hatudaiwi chochote, hesabu imesawazika, na kilichobaki ni hiyo namba peke yake.

Januari, katikati

Wiki hii imekuwa ya kukusanya ushahidi, na nimeitumia kwanza kujiuliza ni swali gani hasa ambalo ushahidi huo unapaswa kulijibu. Si kama tulilipa, kwa sababu hilo halibishaniwi na yeyote. Si kama sisi ni walipaji wazuri, jambo ambalo halimhusu mtu. Swali ni la tarehe: fedha zilipokelewa lini, na aliyezipokea siku hiyo alikuwa nani.

Kanuni X, inayotekeleza sheria ya mwaka 1974 kuhusu taratibu za ununuzi wa nyumba inayojulikana kwa kifupi RESPA, imelitarajia tukio la aina hii. Katika siku 60 zinazoanza tarehe ya kuhamishwa kwa usimamizi, malipo yakimfikia msimamizi wa zamani badala ya mpya kabla au ndani ya muda wa kulipa, pamoja na muda wa nyongeza uliomo kwenye mkataba, hayawezi kuhesabiwa kuwa yamechelewa kwa jambo lolote. Msimamizi wa zamani naye anatakiwa ama ayapeleke upesi kwa mpya, ama amrudishie mlipaji na kumwambia ni nani anayestahili kulipwa. Mkataba wetu una muda wa nyongeza hadi tarehe 16 ya mwezi, na fedha zilipokelewa tarehe 4.

Karatasi tulizonazo mkononi ni barua ya kuhamishwa kwa mkopo yenye tarehe ya kuanza, ukurasa wa mkataba unaotaja muda wa nyongeza, na taarifa ya msimamizi mpya inayoonyesha jinsi malipo ya Desemba yalivyogeuzwa kuwa ya Novemba. Iliyokosekana ndiyo muhimu kuliko zote. Taarifa ya benki inaonyesha siku fedha zilipoondoka kwetu, lakini haionyeshi siku zilipoingia kwa msimamizi, na mtu mwenye nia ya kubisha atapitia katika upenyo huo. Akaunti yetu ya mtandaoni kwa msimamizi wa zamani ilifungwa mkopo ulipohama. Nimeiomba benki uthibitisho wa upande wa mpokeaji, na wakati huohuo nimemwandikia msimamizi wa zamani ombi la taarifa chini ya kanuni hiyohiyo, nikitaka historia ya malipo ya miezi miwili ya mwisho. Wajibu wake wa kujibu maombi kama hayo hauishi siku ya kuhama. Unaendelea kwa mwaka mmoja baadaye.

Jambo dogo ambalo lingeweza kutugharimu: msimamizi anaruhusiwa kuteua anwani maalumu ya kupokelea maombi na notisi za makosa, na akishaiteua, barua iliyopelekwa kwenye anwani ya malipo haimwanzishii wajibu wowote. Vilevile, maneno yaliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi kinachoambatana na malipo hayahesabiki kuwa notisi. Anwani zote mbili, ya zamani na ya mpya, nimezipata kwenye tovuti zao, chini kabisa, kwa herufi ambazo hazikuandikwa ili zisomwe.

Januari, mwishoni

Benki imejibu kwa karatasi moja inayoonyesha kwamba msimamizi wa zamani alizipokea fedha tarehe 4 Novemba. Hiyo ndiyo karatasi ya mradi huu.

Sasa ni uamuzi wa nani aandikiwe. Ushauri unaosikika mara nyingi ni kwenda moja kwa moja kwa aliyetoa taarifa mbaya, kwetu sisi msimamizi mpya, kwa kuwa ndiye anayeweza kuirekebisha. Ni kweli kwamba ndiye mwenye uwezo, lakini kuishia kwake tu ni kuacha silaha nyumbani. Chini ya Sheria ya Haki katika Taarifa za Mikopo ya mwaka 1970, mtoa taarifa anaweza kushtakiwa na mkopaji kwa kutochunguza ipasavyo pale tu ambapo pingamizi limemfikia kupitia kampuni ya taarifa za mikopo. Pingamizi alilopelekewa na mkopaji mwenyewe linamtaka achunguze, ila halimpi mkopaji haki hiyo ya kushtaki. Kwa sababu hiyo tunakwenda njia zote mbili kwa pamoja: pingamizi kwa kampuni tatu za taarifa, na notisi ya kosa kwa msimamizi mpya chini ya Kanuni X. Notisi hii ina faida yake ya pekee, kwamba kwa siku 60 tangu aipokee, msimamizi haruhusiwi kupeleka taarifa mbaya inayohusu malipo yanayobishaniwa.

Mkopo ni wa pamoja, lakini taarifa si za pamoja. Pingamizi langu halisahihishi chochote kwenye faili la mke wangu, na la kwake halinisaidii mimi, hivyo kila mmoja anaandika kwa jina lake kwa kila kampuni.

Februari, mwanzoni

Barua zimeondoka kwa posta ya rejista yenye hati ya kurudisha saini ya mpokeaji. Tungeweza kujaza fomu za mtandaoni kwa muda mfupi zaidi, na kwa doa la wazi kama akaunti isiyo yako kabisa huenda ningefanya hivyo. Kwa suala lenye kiambatisho kinachoamua kila kitu, nilitaka ushahidi wa kile kilichopelekwa na siku kilipofika.

Nimetumia muda mwingi kuandika barua fupi. Sababu yake ni jinsi pingamizi linavyosafiri. Kampuni ya taarifa ikilipokea, ina siku 5 za kazi kumfikishia mtoa taarifa pamoja na nyaraka zote zinazohusika, na hufanya hivyo kwa mfumo wa kielektroniki uitwao e-OSCAR. Humo, malalamiko ya mtu hugeuzwa kuwa msimbo wa tarakimu chache unaosema, kwa mfano, kwamba mteja anabisha hali ya akaunti, na huenda msimbo huo ukasindikizwa na maelezo mafupi. Karani wa upande wa pili hulinganisha kilichoandikwa kwenye skrini moja na kilichoandikwa kwenye skrini nyingine. Vikilingana, hujibu kwamba imethibitishwa. Katika kesi yetu vitalingana bila shaka, kwa kuwa vitabu vya msimamizi mpya ndivyo vyenye kosa. Barua ndefu yenye historia ya familia, uchungu na vifungu vya sheria humezwa na msimbo uleule. Ilitakiwa sentensi ambayo, hata ikifupishwa na mtu mwenye haraka, bado imebeba tarehe.

Barua zenyewe ni za Kiingereza, lakini aya ya kwanza kwa Kiswahili ingesomeka hivi: "Ninachopinga ni mwezi wa Novemba peke yake katika akaunti hii. Malipo ya mwezi huo yalipokelewa na msimamizi wa awali tarehe 4 Novemba, siku 12 kabla ya kwisha kwa muda wa nyongeza, kama inavyoonekana kwenye Kiambatisho A. Hali sahihi ya mwezi huo ni kwamba malipo yalifanyika kwa wakati." Kanuni X imetajwa katika aya ya pili, kwa sentensi moja. Mpangilio huo ni wa makusudi. Mahakama kadhaa za Marekani zimetofautisha ubishi wa ukweli na ubishi wa kisheria, zikisema kampuni ya taarifa si hakimu na haiwajibiki kuamua kama mkataba ni halali au kifungu fulani kinamhusu nani. Mtu anayeanza na kifungu cha sheria anaikabidhi kampuni sababu ya kujitoa. Tarehe ya kupokelewa fedha ni ukweli unaoweza kukaguliwa na yeyote, hata asiyejua sheria.

Viambatisho ni nakala, kamwe si asilia, na kila barua ina nakala ya kitambulisho na uthibitisho wa anwani, kwa sababu pingamizi lisilo na utambulisho hurudishwa bila kusomwa. Sikuweka barua za kuomba huruma, zile ambazo mkopaji humsihi mkopeshaji afute doa kwa hisani. Hizo ni kwa aliyechelewa kweli, na ukiomba hisani katika jambo usilolifanya utakuwa umelikiri.

Kuhusu muda, kampuni ina siku 30 tangu ipokee pingamizi, na inaweza kuongeza 15 mkopaji akileta nyaraka mpya katikati ya uchunguzi. Ila anayepinga baada ya kupata taarifa ya bure kutoka tovuti ile ya pamoja huwekewa siku 45, na sisi ni wa kundi hilo. Tumepeleka kila kitu kwa mkupuo mmoja, na hatutaongeza karatasi hadi majibu yaje.

Februari, katikati

Hati za kupokelewa zimerudi zote. Msimamizi mpya ameandika kukiri kupokea notisi ndani ya siku 5 za kazi, kama anavyotakiwa, bila kusema lolote la maana. Akaunti sasa inaonyesha kwenye taarifa kwamba ina pingamizi. Ofisa wa mikopo tuliyezungumza naye ameomba tusiwasilishe maombi ya mkopo mpya hadi maneno hayo yaondoke, kwa kuwa wakopeshaji wengi wa nyumba huisimamisha hesabu yao pale akaunti ya nyumba inapokuwa na ubishi. Nilikuwa nimelitarajia.

Machi, wiki ya kwanza

Majibu yamekuja kwa mafungu. Sitasema kampuni ipi ilijibu nini. Nitaziita ya kwanza, ya pili na ya tatu kwa kufuata mpangilio wa majibu.

Ya kwanza imesahihisha faili zote mbili, langu na la mke wangu. Ya pili vilevile, ingawa ilituma kurasa nyingi za taarifa nzima na ilibidi nitafute mstari wenyewe kwa kidole. Ya tatu imesahihisha faili la mke wangu, na kwenye langu imejibu: imethibitishwa kuwa sahihi.

Mkopo ni uleule, mwezi ni uleule, kiambatisho ni kilekile, na kampuni ni moja. Msomaji anaweza kudhani nilikasirika, lakini kusema kweli hilo ndilo jibu lililotupa nguvu kuliko yale ya ushindi. Novemba moja ya mkopo mmoja haiwezi kuwa imelipwa kwa wakati na mke na kucheleweshwa na mume. Ama karani mmoja aliitazama karatasi na mwingine hakuitazama, ama moja ya pingamizi zetu ilipelekwa bila kiambatisho. Vyovyote iwavyo, huo haukuwa uchunguzi.

Machi, katikati

Hatua tulizochukua kwa kampuni ya tatu ni mbili. Kwanza nimeomba maelezo ya utaratibu uliotumika kuthibitisha. Sheria inampa mkopaji haki hiyo, na kampuni inatakiwa kujibu ndani ya siku 15 tangu ipokee ombi, ikitaja pia jina, anwani na, ikipatikana, simu ya mtoa taarifa aliyewasiliana naye. Sikutegemea maelezo hayo yafichue siri yoyote, kwa kuwa kwa kawaida ni aya iliyoandikwa kwa ajili ya watu wote. Faida yake ni kwamba kampuni inakuwa imeandika kwa mkono wake kuwa ilituma msimbo na ikapokea msimbo, na kwamba hakuna mtu aliyefungua Kiambatisho A.

Pili nimeandaa pingamizi jipya, nalo limesubiri barua ya msimamizi mpya, ambaye anazo siku 30 za kazi kujibu notisi ya kosa. Kupeleka pingamizi lilelile kwa karatasi zilezile kungeiruhusu kampuni kuliita la kipuuzi na kukataa kulichunguza. Ushahidi mpya huiondolea sababu hiyo. Mahakama ya rufaa ya shirikisho iliwahi kusema, mwaka 1997, kwamba kampuni ya taarifa haiwezi kutosheka na kurudia kama kasuku ilichoambiwa na mtoa taarifa pale mkopaji anapoionyesha sababu ya kutilia shaka, na sentensi inayotaja jambo hilo nimeiweka mwisho wa barua, mbali na tarehe.

Niliulizwa kwa nini tusiweke tu kwenye faili tamko letu, lile ambalo sheria inaruhusu kampuni kulifupisha hadi maneno 100, tukaendelea na maisha. Tamko husomwa na binadamu, ilhali alama hupigwa na kompyuta, na kompyuta hailisomi. Linafaa pale ambapo milango yote imefungwa, na sisi bado tuna milango.

Machi, mwishoni

Msimamizi mpya amejibu. Barua ni ya kurasa mbili, na sentensi inayotuhusu inakiri kwamba malipo ya Novemba yalipokelewa na msimamizi wa awali ndani ya muda na kwamba akaunti imesahihishwa. Anasema pia ametuma marekebisho kwa kampuni zote za taarifa. Faini ya kuchelewa ambayo hatukuwa tumeiona, kwa kuwa ilikatwa ndani ya hesabu, imerudishwa.

Hapa naongeza neno kuhusu mpangilio wa sheria, kwa sababu wengi hulikosa. Mtoa taarifa aliyechunguza pingamizi lililoletwa na kampuni moja, akagundua kosa, anatakiwa kupeleka matokeo kwa kampuni zote za kitaifa alizokuwa amezipa taarifa hiyo. Maana yake, siku kampuni ya kwanza iliposahihishiwa faili langu, ya tatu nayo ilistahili kusahihishiwa. Sentensi hiyo imeingia kwenye pingamizi jipya, pamoja na nakala ya barua ya msimamizi, ukurasa wa matokeo ya mke wangu kwa idhini yake ya maandishi, na matokeo yangu kutoka kampuni mbili za mwanzo. Barua imeondoka kwa rejista.

Maelezo ya utaratibu yamefika pia. Ni aya ya watu wote, kama nilivyodhani.

Aprili, katikati

Kampuni ya tatu imesahihisha. Novemba yangu sasa inasoma kuwa imelipwa kwa wakati, na maneno ya pingamizi yameondolewa kwenye akaunti. Rasimu ya malalamiko kwa CFPB, ofisi ya serikali kuu ya ulinzi wa wateja wa huduma za fedha iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2010, nimeiweka kando bila kuituma.

Sijaufunga mradi, na sababu ni ya kiufundi. Watoa taarifa hupeleka data kila mwezi kwa muundo uitwao Metro 2, na ndani ya kila rekodi kuna safu ya historia ya malipo ya miezi 24 iliyopita. Hiyo ina maana kwamba Novemba yetu itapelekwa upya kila mwezi kwa muda mrefu ujao. Kama msimamizi alisahihisha kwa kutuma marekebisho ya mara moja bila kugusa kitabu chake cha ndani, fungu la mwezi ujao litaibeba "30" ileile na kuirudisha. Sheria inasema kilichofutwa hakiwezi kurudishwa mpaka mtoa taarifa athibitishe kwamba ni kamili na sahihi, na kampuni imjulishe mkopaji kwa maandishi ndani ya siku 5 za kazi baada ya kukirudisha. Ulinzi huo upo, ila ni wa baada ya tukio, nami napendelea kuona mwenyewe.

Ofisa wa mikopo ametaja huduma ya kupigisha alama upya kwa haraka, ambayo mkopeshaji huiomba kwa kampuni za taarifa kwa kutumia barua kama ile ya msimamizi, badala ya kusubiri mzunguko wa kawaida. Hatukuihitaji, kwa kuwa faili zimeshasahihishwa, lakini aliye na tarehe ya kufunga ununuzi wa nyumba mbele yake angefanya vyema kumuuliza mkopeshaji wake mapema. Mkopaji mwenyewe hawezi kuiomba moja kwa moja.

Mei, wiki ya pili

Tumechukua taarifa mpya baada ya msimamizi kupeleka data za mwezi uliopita. Faili zangu tatu na tatu za mke wangu zinaonyesha Novemba iliyolipwa kwa wakati, bila maneno ya pingamizi. Barua ya msimamizi, hati za posta na matokeo ya kila kampuni yamewekwa kwenye jalada moja na kunakiliwa, kwa kuwa mkopo unaweza kuhamishwa tena na msimamizi atakayekuja atapokea historia ileile. Maombi ya mkopo mpya yamewasilishwa leo.